Mfupa Wangu na Majembe Saba

Siku ile shambani kwangu tulikuwa watu kumi. Alikuwepo Mzee Kirumbe na pembe lake la kuitia watu. Alikuwepo Eliakimu na mkewe Mama Fadhili, majirani zangu wa upande wa juu. Alikuwepo Omari fundi seremala, Danieli na mdogo wake Sefania, na Nakiete, mjane wa ng'ambo ya mfereji ambaye akishika jembe wanaume hutazamana. Hao ni saba. Wa nane ni mke wangu, Mama Upendo, aliyekuwa jikoni. Wa tisa ni mdogo wangu Yoeli, mwalimu wa shule ya msingi mjini Same, aliyepanda mlimani kwa ajili ya kazi ya siku hiyo. Wa kumi ni mimi, Zakaria, mwenye shamba, niliyelima kidogo tu nikaanguka.

Ninawataja mmoja mmoja kwa sababu wale saba wa kwanza wananidai, na kwetu deni la jembe halitajwi kwa jumla. Sisi tunaoishi juu milimani Upareni tuna msaragambo, ambao ni kazi ya wote, kama kuzibua ndiva, yale mabwawa yetu ya maji ya kumwagilia. Mbali na huo tuna kulimiana. Leo mnakuja kwangu, kesho kutwa tunakwenda kwako. Siku ya jembe hulipwa kwa siku ya jembe. Ukilima kwangu siku moja, nimebaki na siku yako moja, na hata nikikuletea mbuzi, utakula mbuzi na siku yako itabaki palepale.

Naandika haya kwa ajili ya mtu mwenye kisukari ambaye hajaambiwa habari za mifupa. Mimi niliishi na kisukari miaka kumi na miwili. Niliambiwa kuhusu macho. Niliambiwa kuhusu figo, na kuhusu vidonda vya miguu niliambiwa mpaka nikawa navikagua vidole vyangu kila siku. Habari za mifupa nilizipata nikiwa nimelala chali. Sikusoma sana, niliishia darasa la sita, kwa hiyo nitaeleza niliyoyaona na niliyoambiwa kwa lugha yangu. Majina ya dawa sitayataja. Dawa yangu huenda isiwe yako, kamuulize daktari wako.

Ilikuwa kiangazi, tukitayarisha mashamba kabla ya masika. Asubuhi nilijichoma sindano ya insulini kama kawaida, nikanywa chai ya rangi bila sukari, nikachukua jembe. Sikula. Hapo ndipo kosa langu lilipo, na nina hakika ni kosa ambalo wengi wa kwetu wangelifanya. Huku kwetu mwenye shamba hali kabla ya watu waliokuja kumlimia. Makande yanachemka, harufu inafika shambani, na yeye anangoja mpaka wageni wote washibe ndipo apewe sahani yake. Mwenye shamba anayetafuna kabla ya wenzake atachekwa hadi kizazi cha pili. Basi nikaona afadhali njaa.

Mashamba yetu yamekaa kama ngazi, kila ngazi imeshikwa na kingo ya mawe. Nilikuwa nimesimama juu ya kingo fupi, inayofika gotini. Nilianza kutokwa na jasho, lakini kila mtu alikuwa anatoka jasho. Mikono ikatetemeka. Nikasikia Omari akisema, "Baba Upendo, mbona unalima hewa?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka, kisha kingo ikaja juu na mimi nikaenda chini.

"Amka bwana, usitafute kulala siku ya kazi!" Danieli alisema.

Sikuamka. Nilijaribu, mguu wa kushoto ukakataa. Mama Fadhili alikuja akatazama, akasema, "Nyamazeni. Mguu umegeuka." Kweli, unyayo ulikuwa umelalia nje kama wa mtu mwingine, na mguu wenyewe ulionekana mfupi kuliko mwenzake.

Nakiete hakuwa na habari na mguu. Yeye aliangalia uso wangu, akanishika shingo, akauliza, "Huyu amekula?" Akaenda mpakani mwa shamba, akakata muwa kwa panga, akaumenya, akanitia kipande mdomoni. "Nyonya."

"Sukari," nikasema, nikimaanisha kwamba nimekatazwa.

"Najua ni sukari. Nyonya!"

Nikanyonya. Miaka kumi na miwili nilikuwa nikiupita ule muwa bila kuutazama, na siku hiyo ndio ulionirudishia akili. Akili iliporudi, maumivu nayo yakafika.

Kutoka kwangu hadi mahali gari linapofika ni mwendo wa saa nzima kwa mguu, mteremko mtupu. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi, ikawa machela. Waliobeba ni Eliakimu, Omari, Danieli na Sefania. Mzee Kirumbe, ambaye hata wakati huo alikuwa na umri wa kukaa kivulini, alitangulia akipiga pembe ili watu wapishe njia. Tulipofika kwenye korongo Sefania akateleza. Mzee akalitupia pembe lake begani mwa Yoeli, akaingiza bega lake chini ya mti wa machela, na hakulitoa mpaka barabarani.

"Mzee, achia vijana," nilimwambia.

"Wewe kazi yako ni kulala," akasema. "Ifanye vizuri."

Mama Fadhili na Nakiete walirudi shambani. Baadaye nilisikia kwamba hata wale wabebaji, baada ya kunipakia kwenye gari, walipanda mlima tena wakamaliza kulima shamba langu lote, mpaka ngazi ya mwisho. Ndipo wakala makande, bila mwenye shamba.

Hospitali ya Same walinipiga picha, wakanituliza maumivu, wakanipeleka hospitali ya rufaa Moshi. Nililala wodini nikingoja upasuaji, nikihesabu siku kwa kuangalia jua likipita kwenye kitanda cha mwenzangu. Daktari wangu alikuwa dada mmoja kijana, mpole, mwenye haraka. Aliishika picha yangu juu dirishani.

"Baba, ulianguka kutoka wapi?"

"Kwenye kingo ya shamba."

"Urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono, kimo cha goti.

Akasema, "Mtu wa umri wako akianguka kimo hicho anatakiwa ainuke ajikung'ute. Hukutakiwa kuvunjika nyonga." Alinieleza kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi huuchosha mfupa kutoka ndani, na kwamba mfupa wa mwenye kisukari unaweza kuonekana mnene kwenye picha, kumbe nguvu hauna. Nikamwambia naelewa. Huku kwetu mpini wa jembe hubunguliwa na wadudu hivyohivyo. Kwa nje unang'aa, unaupangusa kwa fahari, siku unapogonga jiwe unabaki na kipande mkononi.

"Hasa," akasema. "Naomba niutumie huo mfano."

"Utumie, Dokta. Ila mpini hubadilishwa."

"Wako tutautia vyuma. Kisha tutahakikisha hawa wadudu hawaendelei."

Wakanitia vyuma. Siku ya pili mtaalamu wa mazoezi akanisimamisha, nami nikamchukia kwa moyo wangu wote. Leo ningemwona ningemkumbatia.

Nyumbani sikuweza kurudi, mlima ungenimaliza. Nilikaa Mwanga kwa mdogo wangu wa kike, Nakijwa, ambaye ana duka dogo karibu na barabara kuu. Masika yote nilikuwa pale, nikisikia mvua kwenye bati na kufikiria mahindi yangu ambayo Mama Upendo alikuwa akiyapalilia peke yake. Paja la kushoto lilikonda mpaka suruali ikawa inapepea upande mmoja. Mguu ule ukabaki mfupi kidogo, fundi viatu akaniongezea soli, na tangu hapo wateja wa Nakijwa wakaniita Meneja, kwa sababu ya mlio wa kile kiatu.

Kila nilipokwenda kliniki Moshi nilikaa kwenye benchi la watu wa mifupa, na benchi lile lilikuwa la mabibi. Mara ya kwanza bibi mmoja wa Lembeni alinisogezea nafasi, akaniuliza, "Mjukuu wangu, umemleta mama?"

"Shikamoo, bibi. Nimejileta mwenyewe."

"Marahaba. Wewe? Na mwili wote huo?" Akawageukia wenzake. "Jamani, tumepata mwanaume!"

Walifurahi kama nimekuja kuposa. Tangu siku hiyo walinishikia nafasi. Walinifundisha kukaa upande wa dirisha lenye upepo, kuja na kiporo cha kiazi mfukoni kwa kuwa foleni haijui sindano ya mtu, na kutoona haya kusema "nimevunjika". Wanaume wenzangu, naona tunaficha mifupa yetu kama vile ni aibu ya wanawake wazee. Kaa kwenye benchi lile, utajifunza kucheka.

Matibabu yangu yalikuwa hivi. Kwanza walipanga upya sindano zangu, sukari isipande na isishuke ghafla, maana kushuka ndiko kulikoniangusha. Kidonge kimoja cha kisukari nilichokuwa nikimeza zamani walikiondoa, wakasema si rafiki wa mifupa. Nikaambiwa nile dagaa na mifupa yake, ninywe maziwa bila sukari, niote jua. Mama mmoja wa Kimaasai alikuwa akileta maziwa mlangoni kwa Nakijwa, na kila siku alinipimia kwanza mimi. "Ya mguu," alikuwa akisema, na sikumbuki kama tuliwahi kuongea zaidi ya hapo. Halafu, baada ya kupima figo na kukagua meno yangu, wakanipa kidonge cha mifupa, kimoja kwa wiki.

Hicho kidonge kina heshima zake kama mkwe. Unakimeza alfajiri, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Kisha nusu saa huli, hunywi kitu kingine, na hulali. Unakaa wima au unasimama, kisije kikakuunguza koo. Daktari alinionya: usijichome insulini kabla ya hiyo nusu saa kuisha. Sindano ingoje mpaka chakula kiwe mezani. Nilichagua Jumapili. Toka hapo nahesabu maisha yangu kwa vidonge hivyo. Nikisema jambo lilitokea kwenye kidonge cha kumi, mke wangu anajua ni lini.

Kwenye kidonge cha kumi ndipo tulipogombana.

Ilikuwa kipupwe, baridi imefika mpaka Mwanga. Yoeli alikuja kutoka Same, tukakaa watatu nyuma ya duka, mimi na wadogo zangu wawili. Nikawaambia vuli ikianza napanda mlimani, nina majembe saba ya kulipa.

Yoeli akaweka kikombe chini. "Kaka, tumezungumza mimi na Nakijwa. Shamba tutalikodisha. Wewe na Shemeji mtakuja kukaa Same. Na hizo siku saba, nitaweka vibarua, wazimalize kwa wiki moja."

"Vibarua hawakubebwa kwenye machela."

"Kaka, Dokta amesema ukianguka tena—"

"Dokta amesema nisianguke. Hajasema nisilime."

"Wewe si mtu wa jembe tena!" Yoeli alipandisha sauti. "Kwa nini hutaki kukubali?"

Nakijwa akaanza kulia. Mimi nikainuka nikachukua magongo, nikaenda kusimama barabarani nikitazama malori. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi nilikuwa na hofu, kwa kuwa sikuwa na hakika kama Yoeli amekosea.

Nieleze kwa nini ilinichoma. Baba yetu alikufa nikiwa darasa la nne. Mama alimfuata nikiwa la sita. Baada ya matanga wajomba na baba wadogo walikaa kutugawa. Yoeli aende Kileo, Nakijwa aende kwa shangazi, mimi nibaki nichunge mbuzi wa mtu. Hawakuwa wabaya, walikuwa wakihesabu midomo. Wiki ile pembe likalia, siku ya kulimiana. Nikashusha jembe la baba darini, nikaenda nikasimama kwenye mstari na watu wazima. Mzee Kirumbe ndiye aliyekuwa akihesabu nyumba, wakati huo ana nguvu zake. Akafika kwangu, akasimama.

"Nyumba ya marehemu ina jembe?"

"Lipo," nikasema.

"Litakuja na kesho kutwa?"

"Litakuja."

Akawageukia wajomba zangu waliokuwa kwenye mstari uleule. "Basi hiyo ni nyumba. Msiivunje."

Shuleni sikurudi. Lakini Yoeli na Nakijwa walikua chini ya paa moja, wakasoma mpaka walipotaka, kwa sababu jembe lile halikukosa hata siku moja. Sasa mtu akiniambia mimi si wa jembe tena, ninasikia wajomba wakihesabu.

Nilimweleza Yoeli hayo palepale barabarani, aliponifuata. Alikuwa mdogo mno wakati ule, hakuwa akiyajua. Alinisikiliza, akasema, "Kaka, ungetuambia." Kisha akaondoka bila kuniahidi kitu, na kwa wiki tatu hakupiga simu.

Mimi nilimpelekea Dokta swali langu jinsi lilivyo. Nikamwambia, sitaki kubeba gunia, sitaki kupasua jiwe, nataka kupalilia siku saba. Yeye na yule wa mazoezi wakazungumza, wakaniambia mfupa unataka kazi, ukiulaza unazidi kulegea. Nitembee kila siku, nipande ngazi, nisimame kwa mguu mmoja nikiwa nimeshika ukuta. Mzigo wa kichwani marufuku. Kuinama kwa kiuno na kuvuta kwa nguvu marufuku. "Jembe fupi la kuinamia sikuruhusu," akasema. "Ukipata njia ya kulima umesimama wima, na umekula, na umepima sukari, nenda."

Nikarudi Mwanga nikiwaza njia ya kulima wima. Nikamkuta Yoeli ananisubiri dukani, na futi ya fundi cherehani mkononi.

"Simama," akasema.

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo, Kaka. Simama wima, nyoosha mikono kama umeshika jembe."

Akanipima kutoka mikononi hadi sakafuni, akaandika kwenye daftari lake la shule, akaondoka. Kumbe Nakijwa, niliyempigia kutoka kliniki kumweleza maneno ya Dokta, alikuwa amempigia Yoeli simu, naye Yoeli alikwisha kumwambia Omari seremala.

Nilipanda mlimani mwanzo wa vuli, kwenye kidonge cha ishirini na tano. Gari lilinifikisha barabarani, nikaupanda ule mwendo wa saa nzima kwa saa tatu. Pale korongoni nilipumzika nikapima sukari, nikala ndizi. Mama Upendo alikuwa mbele yangu na begi, akijifanya hatazami nyuma. Tulipofika nyumbani, mlangoni pameegemezwa jembe jepesi lenye mpini wa mti mgumu, mrefu kunipita mimi mwenyewe, umepigwa randa mpaka unateleza kama kioo.

Sikuuamini kwanza. Nikautazama kwa jua nikitafuta vitundu vya wadudu. Havikuwepo.

Siku ya kwanza ya kulipa ilikuwa kwa Mama Fadhili na Eliakimu, siku mbili kwa nyumba moja. Pembe lililia, tukakusanyika. Nilipotokea na jembe langu, Danieli alikaa chini kwa kicheko.

"Baba Upendo, hilo ni jembe au mlingoti wa bendera?"

"Ni jembe la twiga," Sefania akasema. "Sasa atalima kwake akiwa amesimama kwako!"

"Akilima na shamba langu kwa bahati mbaya, sitamrudisha," Nakiete akasema.

Nikawaacha wacheke. Mimi nilikuwa na shida nyingine. Nilikuwa nimejichoma sindano nyumbani nikala, lakini muda wa kuongeza chakula ungefika kabla ya makande, na hakuna mtu aliyewahi kula katikati ya mstari. Mama Upendo alinifungia viazi vitamu viwili vya kuchemsha kwenye kitambaa. Nilivificha chini ya shati kama mwizi. Muda ulipofika nikageuza mgongo, nikakitoa kimoja.

Pembe likalia. Majembe yote yakasimama. Nikajua ni mimi.

"Zakaria!" Mzee Kirumbe aliita kutoka juu ya kingo. "Unafanya nini?"

Sikuwa na pa kujificha. "Ninakula, Mzee."

"Geuka huku. Kula tukuone."

Nikageuka. Watu wote wameegemea majembe, wananitazama. Nikatafuna kiazi katikati ya ukimya ule, nikaona aibu niliyoikimbia siku ile nyonga ilipovunjika imenifikia kamili. Na nilipoimeza, haikuwa kubwa kuliko kiazi.

"Tafuna vizuri," Omari akasema. "Tunasubiri."

"Cha pili kipo?" Mama Fadhili akauliza. "Maliza na cha pili, baba, mwaka huu sitaki kukata miti ya machela."

Hapo wote wakaangua kicheko, na mimi karibu nipaliwe. Mzee Kirumbe akasema, "Toka leo pembe likilia katikati ya asubuhi, ni la Zakaria. Watu wapumzike, yeye ale. Nani ana neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno. Tena nikaona kitu: kwenye mapumziko yale Eliakimu naye akachomoa kipande cha muhogo mfukoni, na Nakiete ndizi. Kumbe kila mtu alikuwa na njaa yake miaka yote hiyo.

Tukabishana kama siku yangu ihesabiwe nzima au nusu, kwa kuwa nilipalilia mistari michache. Danieli alitaka nusu, kwa mzaha. Mzee akaamua: "Siku ni jua kuchomoza na mtu kuwepo. Alikuwepo." Ikahesabiwa nzima.

Vuli hiyo na masika yaliyofuata nililipa. Eliakimu na Mama Fadhili kwanza, halafu Omari, halafu Nakiete, halafu Danieli na Sefania. Nilikwenda polepole. Kuna wiki ambazo mguu uliuma nikabaki nyumbani, na hakuna aliyenidai. Yoeli alipanda siku ya mwisho, ya kwa Sefania, akalima pembeni yangu na jembe fupi. Alipochoka aliomba kujaribu langu. Alilima mistari mitatu akiwa amenyooka kama askari, akasema, "Kaka, mbona hatukuyatengeneza haya zamani?" Sasa wazee watatu wa kwetu wanayo majembe ya twiga, na Omari anasema ana maombi mengine.

Likabaki jembe moja, la Mzee Kirumbe. Nilimsubiri atangaze siku, hakutangaza. Nikamfuata kwake baada ya ibada.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Mfupa?"

"Mzima. Mzee, nimekuja kuulizia siku yako. Nataka nimalize."

Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Hakuinua macho. "Shamba langu wanalima wajukuu. Jembe lako silihitaji."

"Sasa nitalipaje?"

"Mimi nilikupa vitu viwili siku ile. Nilikupa jembe na nilikupa bega. Jembe nimekusamehe. Bega nalidai."

Nilielewa anachosema. Huku kwetu mtu akienda kuzikwa hubebwa na wanaume kwa mabega, kwa kupokezana, hadi kwenye migomba ya nyumba yake.

"Siku yangu ikifika utaingiza bega lako upande wa mbele kushoto," akasema. "Nimekwisha mwambia mwanangu. Na sitaki nibebwe na mtu mwenye mfupa mbovu akaniangusha korongoni mbele ya watu. Kwa hiyo utakula, utapima, utameza dawa zako. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee. Lakini Dokta alikataza mizigo mizito."

"Mimi nimekonda. Kila mwaka nakupunguzia." Akachagua jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Na nyinyi mtakuwa sita."

Tulicheka mpaka mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Kwenye kliniki iliyofuata nilimuuliza Dokta kama mguu wangu utaweza. Naye akacheka, kisha akaniuliza Mzee ana afya gani. Nikasema nzuri kupita yangu. "Basi tuna muda," akasema, akaandika mazoezi mengine.

Leo ni Jumapili. Kidonge nimemeza alfajiri na nimesimama nje wima, nangoja nusu saa yangu iishe, nikiangalia tambarare ya Same ikianza kuonekana kule chini. Mama Upendo anaandaa uji na dagaa. Baadaye kidogo Mzee Kirumbe atapita akienda kanisani, atasimama kwenye ua na kuniuliza swali lake moja, "Mfupa?", na mimi nitamjibu kama ninavyomjibu kila wiki: "Unakomaa, Mzee, lakini bado. Usiharakishe." Naye atasema sawa, atangoja, na atapita. Deni lake bado ninalo.